Kundi linataka kadi ya sauti ya matundu manne, mimi nataka ya mawili

SWALI

Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Kisumu.

Mimi ni mwanamume mwenye mke na watoto wawili. Naishi Kondele na nimeajiriwa katika duka la dawa mjini. Nje ya kazi mimi ni mwimbaji. Nashika besi katika kundi la wanaume wanne wa kanisa letu la Waadventista. Hatupigi ala yoyote, ni sauti tupu: teno ya kwanza, teno ya pili, baritoni na besi. Tumeimba pamoja tangu ujana wetu kwenye makambi, na mazoezi hufanyika sebuleni kwangu.

Mwaka jana tulijikaza tukaenda kurekodi katika studio moja. Malipo yalikuwa kwa saa. Fundi alituingiza mmoja mmoja katika kijumba, kila mtu akaimba peke yake amevaa hedifoni. Wimbo ulipotoka, tulishindwa kujitambua. Kila noti ilikuwa imenyooshwa, pumzi zetu zimekatwa, na mwangwi mwingi umemwagwa juu yake. Tulipoomba faili za kila sauti ili tuzipeleke kwa fundi mwingine, tukaambiwa tuongeze hela. Tulirudi nyumbani kimya.

Hapo ndipo tulipoamua kujinunulia vifaa vyetu wenyewe. Tumekuwa tukichanga kwa M-Pesa na sasa mweka hazina ana Sh36,000. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye laptopu yenye nguvu na naelewa kompyuta kidogo, wenzangu wamenipa kazi ya kuchagua kadi ya sauti ya USB, ile wengine huiita intafesi, kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta.

Maoni ni mengi. Teno ya kwanza ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, na ndiye aliyeanzisha kundi. Yeye anasema kadi lazima iwe na matundu manne ya maiki, kila mtu awe na yake. Kama haiwezekani, tununue miksa yenye USB, maana ina matundu mengi na itafaa hata kanisani. Baritoni naye anasema tuchukue ya bei ya chini kabisa, hela zinazobaki zitengeneze sare.

Sasa shida yangu, mshauri. Mimi napenda sana kusikiliza muziki. Watoto wakishalala huvaa hedifoni nikasikiliza benga za zamani, rumba na kwaya za wenzetu, hasa nikifuatilia besi inavyotembea. Tundu la hedifoni la laptopu yangu lina mvumo, na nikichomeka chaja unaongezeka. Kwa sababu hiyo, kabla hata kundi halijapata wazo lake, mimi nilikuwa nimeanza kuweka akiba ya kununua kadi yangu. Nina Sh9,000. Nimesoma, nimetazama video mpaka usiku wa manane, na moyo umeangukia kadi ya matundu mawili yenye sehemu nzuri ya hedifoni. Ningekuwa peke yangu ningekwisha kuinunua.

Mweka hazina amependekeza tuunganishe: Sh9,000 zangu na Sh36,000 za kundi, tununue kadi moja nzuri na maiki, vikae kwangu. Siku za mazoezi ni vya kundi, siku nyingine mimi nitumie. Wazo hilo linanivutia, lakini pia linaninyima usingizi. Nikisimama mbele ya wenzangu kusema kwamba matundu mawili yanatosha, je, nitakuwa nasema kama mtu anayejua, au kama mtu anayejitafutia? Nimejaribu kulitenganisha jambo hili moyoni nimeshindwa.

Halafu kuna nyumbani. Mke wangu ni fundi wa nguo na cherehani yake ya umeme iko sebuleni humo humo. Nilipomweleza alisema tu, “Kikija hapa, basi kwaya yote imehamia hapa.” Nilipomuuliza anaonaje kuhusu kaka yake na mimi, akasema yeye hasimami kati ya mume na kaka. Mtoto wetu mdogo ana miezi minane.

Je, nichukue ya matundu mawili au manne? Miksa inafaa? Nichanganye hela zangu na za kundi? Na shemeji nimwambieje bila kuonekana namdharau?

Besi, Kondele, Kisumu.

JIBU

Ndugu yangu Besi, asante kwa kuandika kwa uwazi namna hii. Swali lako la kujitafutia ni swali la mtu mwaminifu. Mtu aliye na nia ya kuwachezea wenzake hakosi usingizi kwa sababu ya matundu ya maiki.

Nikikusoma, naona mambo matatu yamefungwa katika mzigo mmoja. Kuna kundi lililoumizwa na studio na sasa linataka kushika sauti yake lenyewe. Kuna wewe na hedifoni zako usiku. Na kuna sebule moja ambayo ni ya mazoezi, ya cherehani na ya mtoto kulala. Kadi moja inatakiwa iyatatue yote matatu, na nadhani ndiyo sababu kila chaguo linakuonekea kosa. Ngoja tuyafungue taratibu. Nimekaa nyuma ya miksa za harusi na mazishi kwa muda mrefu, kwa hiyo utaniwia radhi nikikawia kwenye vifaa.

Tuanze na matundu, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza hela. Nambari iliyoandikwa kwenye boksi si idadi ya maiki. Behringer UM2 huuzwa kama kadi ya mawili kwa mawili, yaani njia mbili za kuingiza sauti na mbili za kutoa, lakini tundu la maiki ni moja tu. La pili ni la gitaa. Focusrite Scarlett Solo nayo ina nafasi ya maiki moja. Scarlett 2i2 na Behringer UMC202HD ndizo zina nafasi za maiki mbili kweli. Sasa sikiliza vizuri: Scarlett 4i4, ambayo shemeji yako akiiona dukani atasema hii hapa, ina njia nne za kuingiza sauti, lakini zenye kikuza sauti cha maiki, yaani sehemu inayoinua sauti ndogo ya maiki, ni mbili tu. Nyingine mbili ni za vifaa kama kinanda. Anayetaka maiki nne atafute kadi yenye vikuza sauti vinne, kwa mfano Behringer UMC404HD. Na hiyo hailishwi na USB peke yake, ina adapta yake ya kuchomeka ukutani. Kwa nyumba ya Kondele, umeme ukipotea katikati ya ubeti, kadi ya matundu mawili inayokula umeme wa laptopu itaendelea kurekodi na ile ya matundu manne itazimika. Hilo si la kuamua kila kitu, ila lijue kabla ya kulipa.

Miksa yenye USB inahitaji tahadhari zaidi. Miksa nyingi za bei nafuu zinaweza kuwa na maiki sita zimechomekwa, lakini zikipeleka sauti kwenye kompyuta hupeleka njia mbili tu, kushoto na kulia, zikiwa zimekwisha kuchanganywa. Ukigundua kesho kwamba baritoni alikuwa juu mno, huwezi kumshusha peke yake. Ziko miksa zinazopeleka kila maiki kwa njia yake, na bei yake inapanda ipasavyo. Kwa hiyo shemeji akisema miksa, muulize kwa upole: ni kwa ajili ya kurekodi, au ni kwa ajili ya kanisa? Kama ni kanisa, hilo ni hitaji la halali kabisa, lakini miksa itatoka kwenu, itaguswa na mikono mingi, na siku mnataka kurekodi itakuwa kwenye harusi ya mtu. Je, wenzako walichangia kwa nia hiyo?

Sasa niguse jambo ambalo nyote wanne mmelichukua kama ukweli, kwamba sauti nne zinadai maiki nne. Kwaya zimerekodiwa kwa maiki moja au mbili kwa miaka mingi sana. Watu hujipanga nusu duara, maiki mbili huwekwa pamoja zikitengeneza pembe ya nyuzi 90, na mizani ya sauti hutengenezwa kwa miguu: aliye juu anarudi hatua nyuma, aliye chini anasogea mbele. Mnasikilizana, mnapumua pamoja, na hakuna anayehitaji hedifoni wakati wa kuimba. Kwa watu waliosikitika kwa sababu pumzi zao zilikatwa, huenda hilo ndilo mlilokuwa mkililia.

Lakini lina gharama yake. Mtu mmoja akikosea, wote mnarudia. Na maiki zikiwa mbali kidogo na mdomo, zinanasa pia chumba. Hapa ndipo nampa shemeji yako haki yake. Sebule ndogo yenye mabati juu na sakafu ya saruji ina mwangwi mfupi mbaya unaokaa kwenye kila wimbo, na katika chumba cha namna hiyo maiki iliyo karibu na mdomo, kiasi cha sentimita 20, hupona kuliko iliyo mita moja na nusu mbali. Kwa maiki nne mnaweza pia kuinua au kushusha mtu baadaye. Ila hata hizo nne zina kanuni yake: umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na mdomo, la sivyo kila maiki inanasa jirani na sauti zikichanganywa zinakuwa nyembamba. Na msitarajie kumnyoosha mmoja bila kumgusa mwingine, maana nyote mmo kwenye kila maiki kwa kiasi fulani.

Kwa hiyo swali la mawili au manne haliwezi kujibiwa na kadi. Linajibiwa na chumba na namna mnavyotaka kuimba. Na hilo mnaweza kulipima kabla ya kutumia hata shilingi. Chukueni simu moja, iwekeni juu ya kiti kilichopandishwa juu ya meza, mjipange nusu duara, muimbe ubeti mmoja sebuleni. Shemeji yako ndiye awapange, asikilize, asogeze watu, arudie. Halafu nendeni kanisani jioni ya siku ya kazi kukiwa kimya, mfanye vivyo hivyo. Simu haitawapa rekodi ya kutoa, lakini itawaonyesha kama mizani ya miguu inafanya kazi kwenu na chumba kipi kinawapenda. Mkiweza kuazima maiki mbili za kanisa zile za kushika mkononi, jaribuni pia mwimbe wawili wawili kwa kila maiki. Nikiwa wewe ningetaka sana uamuzi utoke kwenye masikio ya wote wanne badala ya kwenye video ulizotazama wewe peke yako.

Kuna hesabu nyingine isiyosemwa dukani. Kadi ni sehemu moja ya gharama. Kila maiki inataka waya wake wa XLR, ule wa pini tatu, na stendi yake. Mkichukua maiki za kondensa, zile nyepesi kunasa kila kitu, kadi lazima itoe umeme wa volti 48 kuzilisha. Nyingi hutoa, lakini thibitisha. Zitawanasa nyinyi vizuri, na zitanasa pia boda boda, jogoo na mtoto. Za dainamiki hazihitaji umeme huo na hazisikii mbali, ila zinataka mdomo uwe karibu. Sh36,000 zikigawanywa kwa maiki nne, stendi nne na nyaya nne zinakuwa nyembamba sana, na kitakachopungua ni ubora wa maiki. Zikigawanywa kwa mbili zinapata pumzi, lakini mkitaka kuongeza maiki baadaye mtalazimika kuuza kadi na kununua nyingine. Pendekezo la baritoni la bei ya chini nalo lisidharauliwe. UM2 hurekodi kwa biti 16 na kilohezi 48, vipimo vya ubora wa rekodi, na ni kiwango ambacho hakiko chini ya CD, ambayo ni biti 16 na kilohezi 44.1. Upungufu wake kwenu ni lile tundu moja la maiki. Biti 24 za kadi nyingine zinakupa nafasi ya kurekodi kwa sauti ya chini bila kuogopa mvumo, ili teno ya kwanza akipaa sauti isipasuke. Wacha vilele vya sauti vifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha kipimo kwenye programu, na usihangaike kuvipandisha.

Hizo namba za kilohezi 192 zilizoandikwa kwenye maboksi zisikutese. Biti 24 na kilohezi 48 zinatosha kundi lenu. Wimbo wa dakika nne kwa njia mbili utakula megabaiti 70 hivi, kwa njia nne karibu 140. Laptopu yako itabeba. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kuanzia.

Sasa tuje kwako na hedifoni zako, mahali ambapo dhamiri inakusumbua. Umeandika kana kwamba kadi nzuri kwa kusikiliza na kadi nzuri kwa kundi zinavutana. Nina mashaka kidogo. Kadi za matundu mawili nilizotaja zina sehemu ya hedifoni ya kutosha kwa hedifoni za kawaida, na hata ile ya matundu manne unaweza kusikilizia benga zako vizuri. Zaidi ya hapo, fanya jaribio dogo usiku huu: chomoa chaja, usikilize laptopu ikiwa kwa betri. Umesema mvumo unaongezeka ukichomeka chaja. Ukipungua sana kwa betri, sehemu kubwa ya ugonjwa ni chaja au waya wa ardhi wa soketi, na kadi ya USB inaweza kuupunguza lakini isiumalize, kwa sababu nayo inakunywa kutoka kwenye laptopu ile ile.

Na kama unachohitaji hasa ni kusikiliza tu, kuna vile viadapta vidogo vya USB vyenye tundu la hedifoni, ambavyo bei yake ni sehemu ndogo tu ya Sh9,000. Vingi havirekodi chochote cha maana, ila kwa kusikiliza vinaondoa sauti kwenye ule mzunguko wa ndani wa laptopu wenye kelele. Sisemi ununue. Nasema uwezekano huo upo, na ukiufikiria unaweza kuona moyo wako ulivyo. Ikiwa usikilizaji wako ungetatuliwa kando, kwa hela zako, je, bado ungewaambia wenzako mawili yanatosha? Jibu likiwa ndiyo, basi unasema kama mtu anayejua. Likiwa la, umejipatia jibu mwenyewe bila mimi. Na huenda likawa “sijui bado”, ambalo pia ni jibu unaloweza kuwapelekea wenzako bila aibu.

Kuhusu kuchanganya hela, naona njia tatu na kila moja ina mwiba wake. Kundi likinunua kila kitu na wewe ukawa mtunzaji, mambo ni safi, lakini siku mwanao akimwagia kadi uji utalipa wewe au kundi? Na kila usiku ukichomeka hedifoni utajihisi unatumia mali ya wenzako. Wewe ukinunua kadi kwa hela zako na kundi likanunua maiki, stendi na nyaya, kila mmoja anajua chake, lakini kundi linabaki likitegemea nyumba yako, na ukihamishwa kazi Eldoret kesho wanabaki na maiki zisizo na pa kuchomeka. Tena kwa Sh9,000 hutafika mbali kwa kadi mpya ya matundu mawili ya kweli. Utaangalia za mkono wa pili. Ukienda huko, zungusha kila kitufe usikie kama kinakwaruza, jaribu masikio yote mawili ya hedifoni, washa volti 48 na maiki ya kondensa, na tikisa waya wa USB taratibu uone kama inakatika. Njia ya tatu ni hiyo ya mweka hazina, kuunganisha. Ina faida kwamba mnapata kitu kizuri zaidi mara moja. Mwiba wake ni siku mtu mmoja akitoka kundini, au wewe ukitaka Sh9,000 zako za karo. Mkiichagua, andikeni karatasi moja: nani alitoa ngapi, mtu akiondoka anarudishiwa nini, na thamani itapungua vipi kila mwaka.

Karatasi hiyo iseme pia kuhusu rekodi zenyewe. Mlikwisha kuonja kunyimwa faili zenu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humtambua kama mwenye kazi, kwa upande wa rekodi ya sauti, yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Mkirekodi sebuleni kwako, kwa laptopu yako, kwa kadi ambayo sehemu yake ni yako, ni rahisi siku moja mtu kuuliza mipango hiyo ilifanywa na nani. Semeni mapema kwamba rekodi ni za kundi, na kila mtu apewe nakala ya faili zote jioni hiyo hiyo kwenye diski yake. Mkianza kuweka nyimbo Skiza, ile huduma ya milio ya simu, au YouTube, mtashukuru.

Shemeji. Umeuliza umwambieje bila kuonekana unamdharau. Sijui kama unahitaji kumshinda kwa hoja kabisa. Yeye ndiye aliyeanzisha kundi, na ndiye aliyeketi studio akisikia sauti yake ikinyooshwa na mtu asiyemjua. Anaposema kila mtu awe na maiki yake, inawezekana hazungumzii vifaa. Anazungumzia asije mtu yeyote tena akamchanganya bila ruhusa. Muulize ni nini kilichomuuma zaidi siku ile. Halafu mweleze waziwazi, kabla hajagundua mwenyewe: “Kaka, mimi nina hamu yangu ya kusikiliza, na naogopa inanipotosha. Nisaidie kuangalia.” Kuna hatari kwamba atalitumia neno hilo dhidi yako kwenye mkutano. Unamjua kuliko mimi. Lakini akiligundua baadaye, baada ya kadi kununuliwa, hatari ni kubwa zaidi, na itafika mpaka mezani kwa mama mkwe.

Nimemweka mkeo mwisho, na samahani kwake, kwa sababu nadhani yeye ndiye mwenye shida ambayo hakuna kadi inayoweza kuitatua. Amekuambia kwaya imehamia kwake. Wewe ukasikia lawama. Mimi nasikia swali la kazi. Maiki ikiwa wazi, cherehani ya umeme haiwezi kuendeshwa. Jumamosi hamrekodi kwa sababu ya Sabato, kwa hiyo mtaangukia Jumapili au jioni za wiki, na huenda ndizo saa ambazo wateja wake wanakuja kupimwa na kuchukua nguo. Kila saa mnayorekodi ni saa ambayo hashoni. Je, kuna mtu aliyemuuliza ni nguo ngapi hizo? Kundi lina hela za maiki. Linaweza pia kufikiria kumlipa fundi wa nguo saa zake, au kumpa ile kazi ya sare ambayo baritoni anaitaka. Au likafikiria kwamba rekodi zifanyike kanisani na sebule ibaki ya mazoezi tu. Na hapo kadi ndogo isiyo na adapta inayoingia kwenye mkoba inaanza kuonekana tofauti, ingawa hilo nalo linategemea mtakachosikia kwenye lile jaribio la simu.

Mtakaporekodi nyumbani, elekezeni mgongo wa maiki upande wa barabara, maana maiki nyingi hazisikii vizuri kutoka nyuma. Tundikeni blanketi nzito na nguo zilizo tayari nyuma ya waimbaji. Vitambaa vya mkeo vitafanya kazi nzuri kuliko sponji nyembamba za dukani, akikubali. Alasiri mvua ya ziwani ikianza kupiga mabati, zimeni, mkanywe chai. Na radi ikinguruma chomoeni chaja na adapta zote ukutani.

Kaa na mkeo kwanza, kabla ya mkutano wa kundi, bila kumtaja kaka yake kabisa. Zungumzeni saa tu: ni saa zipi anaweza kuzitoa, na ni zipi hawezi. Ukienda kwa wenzako na saa hizo mkononi, utakuta baadhi ya machaguo yamejiondoa yenyewe. Na kabla mweka hazina hajatuma hela dukani, kubalianeni risiti iandikwe jina la nani, kwa sababu mwenye jina hilo ndiye atakayerudi kudai dhamana kadi ikizimika.